Asa Philip Randolph na Watumishi wa Gari la Moshi

Marehemu baba yangu alikuwa mtumishi wa gari la moshi. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda vya abiria usiku, kuvitandua asubuhi, na kuitika kengele ilipolia. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto sita, na kijijini kwetu watu walimwamkia kwa adabu na kumwita Mzee. Lakini ndani ya behewa hata kijana wa miaka kumi na minane alimwita boi. Tulipomwuliza habari za kazi yake hakulalamika sana juu ya mshahara, ijapokuwa ulikuwa mdogo. Neno lile moja ndilo lililomchoma. Basi mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri kwa sehemu hii ya Kiswahili, sikutafuta mfalme wala jemadari. Nimemchagua Asa Philip Randolph, Mmarekani mweusi, ambaye hakupata kufanya kazi katika mabehewa yale hata siku moja, lakini waliofanya humo walimfuata kwa miaka mingi.

Randolph alizaliwa tarehe 15 Aprili 1889 katika mji mdogo wa Crescent City, jimbo la Florida, akakulia Jacksonville. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Methodisti la watu weusi, na kwa kuwa sadaka hazikutosha kulisha nyumba, alishona nguo pia. Mama naye alikuwa mshonaji. Kijana alisoma Cookman Institute, akamaliza mwaka wa 1907 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Lakini mtu mweusi mwenye elimu, katika Kusini ya Marekani ya siku zile, alipata kazi gani? Alipata zilezile za asiye na elimu. Mwaka wa 1911 akahamia New York, akafanya vibarua mchana na kusoma usiku. Alipenda sana michezo ya Shakespeare, hata akataka kuwa mchezaji wa jukwaani; wazazi wake walikataa. Sauti nzito aliyoifunza kwa michezo ile ilimfaa baadaye penginepo. Mwaka wa 1914 alimwoa Lucille Green, mjane mwenye duka la kutengeneza nywele za wanawake, na mwaka wa 1917 yeye na rafiki yake Chandler Owen walianzisha gazeti lililoitwa The Messenger.

Sasa niwaeleze kidogo juu ya mabehewa yenyewe, maana bila hayo maisha ya Randolph hayafahamiki. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokomesha utumwa Marekani, tajiri mmoja jina lake George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulalia yenye anasa, akaajiri watu waliotoka utumwani wawahudumie abiria. Kampuni yake ikawa mwajiri mkubwa wa watu weusi nchini. Na tusidanganyane: kazi ile ilitamaniwa. Mtumishi wa Pullman alivaa vizuri, aliona miji mikubwa, na mtaani kwake alihesabiwa kuwa mtu wa maana. Mwenzake aliyebaki kuchuma pamba alimwonea wivu.

Lakini tazameni ndani ya koti lile zuri. Ili apate mshahara wake wa mwezi alitakiwa kufanya kazi kiasi cha saa 400, au kusafiri maili 11,000. Saa alizotumia kulitayarisha behewa kabla ya gari kuondoka hazikuhesabiwa. Wakati fulani mshahara wa chini ulikuwa dola 67 na nusu, na humo alinunua mwenyewe rangi ya kung'arishia viatu vya abiria. Abiria akiondoka na taulo, mtumishi hulipa. Usingizi ulikuwa saa chache tu, tena wa kuvunjwavunjwa na kengele. Iliyobaki ni bakshishi, na bakshishi haiji bila kuchekacheka. Juu yake alikuwapo kondakta, ambaye ni mweupe. Mweusi hakuweza kupandishwa cheo hicho hata akiijua kazi kuliko mkubwa wake, na mara nyingine aliifanya kazi ya kondakta kwa malipo kidogo.

Zaidi ya yote, abiria walimwita kila mtumishi George. Awe Yohana, awe Musa, wote ni George, kwa jina la mwenye kampuni, kama zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Nilipomsimulia baba habari hii alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama walau wote walilipwa sawa na huyo George.

Tarehe 25 Agosti 1925, katika ukumbi mmoja wa Harlem, chama cha watumishi hao kilizaliwa, wakakiita Udugu wa Watumishi wa Mabehewa ya Kulalia. Walimtaka Randolph awe kiongozi kwa sababu nyepesi: hakuwa mwajiriwa wa kampuni, kwa hiyo haikuweza kumfukuza. Walidai nyongeza ya mshahara, ndiyo, lakini walidai pia kupungua kwa saa, muda wa kulala, malipo ya kazi ya matayarisho, na mwisho wa kuishi kwa bakshishi. Na walidai kuitwa kwa majina yao.

Kampuni haikukaa kimya. Iliweka wapelelezi, ikawafukuza walioonekana mikutanoni, ikaunda chama chake yenyewe cha kuwapumbaza watu. Tena ikaajiri Wafilipino katika baadhi ya mabehewa, ili weusi waone kwamba wako wengine wasio weupe walio tayari kukaa mahali pao. Hila hiyo ya kugombanisha kabila na kabila mlangoni pa ajira sisi tunaijua. Mwaka wa 1928 Randolph alitangaza mgomo, kisha akauahirisha dakika za mwisho, kwa kuwa alikwisha ona kwamba hautafaulu. Wengi walimwona mwoga. Mimi nadhani alifanya sawa, ila gharama yake ilikuwa kubwa: wanachama walikimbia, na kufika mwaka wa 1933 walibaki mia kadha tu kati ya maelfu. Kwa muda mrefu chakula cha nyumbani kwake kilitoka katika duka la mkewe. Husimuliwa kuwa aliletewa hundi isiyoandikwa kiasi, ajaze mwenyewe apendavyo na kuondoka, naye akairudisha.

Mwaka wa 1934 sheria ya kazi za reli ilibadilishwa, na watumishi wakapata haki ya kuchagua chama wakitakacho. Mwaka wa 1935 walipiga kura wakakichagua Udugu. Hata hivyo kampuni ilijikokota katika mazungumzo, na mkataba ulitiwa sahihi tarehe 25 Agosti 1937, miaka kumi na miwili kamili tangu mkutano wa Harlem. Mishahara ilipanda, na saa za mwezi zikashuka kutoka 400 hadi 240. Hebu fikirini, saa 160 kila mwezi zilirudi kwa mtu na watoto wake. Nikiulizwa, hizo ni kubwa kuliko dola.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa taifa zima. Mwaka wa 1941 alitishia kuongoza maelfu ya watu weusi kuandamana Washington, kwa sababu viwanda vya silaha viliwanyima kazi. Rais Roosevelt akatoa amri ya kukataza ubaguzi katika viwanda hivyo, na maandamano yakaahirishwa. Mwaka wa 1948, baada ya Randolph na wenzake kushikilia jambo hilo, Rais Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Yale maandamano yenyewe yalifanyika tarehe 28 Agosti 1963, watu kiasi cha 250,000, na Randolph, mwenye miaka 74, akiwa kiongozi wao. Wengi humkumbuka Martin Luther King tu kwa siku ile. Mkewe Lucille hakuiona. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka uleule.

Randolph hakuacha mali. Mwaka wa 1968 wanyang'anyi walimpiga karibu na nyumba yake ya Harlem, na rafiki zake wakamhamishia mtaa mwingine. Mwisho wa mwaka huohuo kampuni ya Pullman iliacha kuendesha mabehewa yake, kwa kuwa watu walikwisha zoea ndege na motokaa. Mwaka wa 1978 Udugu uliunganishwa na chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi wa reli. Yeye alifariki New York tarehe 16 Mei 1979, umri wake miaka 90.