Karl Jansky, mpimaji wa kelele

Sisi watu wa isimu tukisema mwingiliano, tunafikiria lugha moja inayoingia ndani ya nyingine, kama Kifaransa ndani ya Kiswahili cha Lubumbashi. Wahandisi wa redio nao wana mwingiliano wao: mawimbi yasiyotakiwa yanayoingia katika chombo pamoja na ujumbe. Kwao ubora wa mawasiliano haupimwi kwa nguvu ya ujumbe peke yake, bali kwa nguvu hiyo ikilinganishwa na ile ya kelele. Ujumbe dhaifu penye utulivu husikika. Ujumbe mkubwa penye kelele kubwa zaidi hupotea. Kwa hiyo lazima mtu aipime kelele yenyewe, na kazi hiyo ndiyo aliyopewa Karl Jansky.

Karl Guthe Jansky alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1905 huko Norman, Oklahoma, Marekani. Baba yake alikuwa profesa wa uhandisi, na mtoto akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Akiwa bado kijana alipatwa na ugonjwa wa figo ambao haukumwacha tena. Mwaka 1928 aliajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell, na kwa ajili ya afya yake akawekwa mashambani, New Jersey, mbali na msongamano wa New York.

Wakati huo simu ya redio kati ya New York na London ilikuwa jambo jipya. Ilifunguliwa mwaka 1927, na dakika tatu za mazungumzo zililipiwa dola 75. Mteja aliyelipa fedha hizo hakutaka kusikia mikwaruzo. Jansky akaambiwa atafute kelele za masafa mafupi zinatoka wapi na zina nguvu gani.

Alijenga antena yenye urefu wa karibu mita 30, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford ili izunguke mara moja kila dakika 20. Wenzake waliifananisha na bembea ya watoto ya kuzunguka. Antena ilisikiliza mawimbi ya mita 14.6, na kalamu ikachora nguvu ya kelele juu ya karatasi, upande kwa upande, usiku na mchana. Ilimbidi awe mwangalifu, maana kila chombo cha umeme kina kelele yake chenyewe, na mpimaji asiyeitenga hiyo hujipima mwenyewe.

Baada ya miezi mingi aligawa kelele katika aina tatu: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mvumo hafifu usiokatika, usiojulikana chanzo chake. Aina mbili za kwanza zilitosha kwa ripoti. Jansky akaufuata ule mvumo. Mwanzoni alidhani unatoka kwenye jua, lakini kilele chake kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, si saa 24. Dakika nne hizo ndizo zilizotoa jibu, kwa sababu nyota ndizo zinazorudi mahali pake kwa muda huo. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo unatoka nje kabisa ya jua na sayari zake, katika Njia ya Maziwa, upande wa kundi la nyota la Mshale. Mwezi wa Mei gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo katika ukurasa wa kwanza.

Jansky alitamani kujenga antena kubwa zaidi, ya umbo la bakuli, lakini kampuni haikukubali. Swali lake lilikuwa limejibiwa: mvumo ule haukuwa na nguvu ya kuharibu simu. Alipewa kazi nyingine. Wanajimu wengi nao hawakushughulika, isipokuwa mhandisi Grote Reber, ambaye mwaka 1937 alijijengea antena ya bakuli nyumbani kwake, Illinois. Jansky alifariki tarehe 14 Februari 1950, akiwa na miaka 44 tu, kabla elimu aliyoianzisha haijakomaa.

Kampuni haikukosea katika hesabu zake. Ilipima kelele kwa faida ya ujumbe iliokuwa ikiujua tayari, na kwa kipimo hicho mvumo haukuwa na maana. Nasi tunaponukuu maneno ya wasemaji, tunafuta vigugumizi, vikatizo na maneno ya lugha nyingine, kwa kuwa yanachafua data. Huenda ni uchafu kweli. Lakini Jansky aliuita mvumo wake kelele kwa muda wa miezi mingi, na muda wote huo aliendelea kuandika saa ulipofika.

Tangu mwaka 1973 wanajimu wana kipimo rasmi cha mawimbi dhaifu yanayotoka angani. Kinaitwa jansky.