Homi Bhabha: Mwanafizikia aliyeiwezesha India kujitengenezea dawa za nyuklia

WAKENYA wengi wanaosafiri kwenda India kutafuta matibabu ya saratani huenda hawajui kwamba karibu miaka mia moja iliyopita, safari za aina hiyo zilielekea kwingine. Tajiri wa Bombay aliyeugua aliabiri meli kwenda Ulaya, ilhali maskini alibaki nyumbani kungojea siku yake.

Miongoni mwa waliochangia sana kuigeuza hali hiyo ni mtu ambaye hakuwa daktari. Huyu ni Homi Jehangir Bhabha, mwanafizikia ambaye dunia humtambua kama baba wa mpango wa nyuklia wa India.

Bhabha alizaliwa mnamo Oktoba 30, 1909, mjini Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Familia yake ilikuwa ya Waparsi wenye uwezo. Babake alikuwa wakili, naye shangaziye, Meherbai, alikuwa ameolewa na Sir Dorabji Tata, mkuu wa kampuni mashuhuri za Tata.

Mnamo 1927, kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Babake na mume wa shangaziye walitaka asomee uhandisi ili arudi kufanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Tata huko Jamshedpur. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa katika fizikia.

Baba na mwana wakaafikiana. Iwapo angefuzu katika daraja ya kwanza ya uhandisi, angeruhusiwa kusomea alichokitaka. Bhabha alitimiza sharti hilo mnamo 1930, na miaka mitano baadaye akatunukiwa shahada ya uzamifu. Utafiti wake kuhusu chembe za elektroni na miale itokayo anga za mbali ulimpa sifa kote Ulaya.

Alipokuwa angali masomoni, msiba uliifika familia. Mnamo 1931 shangaziye alifariki kutokana na saratani ya damu huko Wales, mbali na nyumbani. Mali yote ya mumewe haikufua dafu mbele ya maradhi hayo. Sir Dorabji naye aliaga dunia mwaka uliofuata, akaacha utajiri wake kwa wakfu wa kusaidia umma. Ni wakfu huo uliojenga Hospitali ya Tata Memorial, iliyofunguliwa Februari 1941 katika mtaa wa Parel, Bombay, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mnamo 1939, Bhabha alikuwa likizoni India. Hakuweza kurudi Cambridge, hivyo akaanza kufundisha katika Taasisi ya Sayansi ya India, mjini Bangalore. Mnamo Machi 1944 aliuandikia wakfu wa Tata akiomba usaidizi wa kuanzisha taasisi ya utafiti wa fizikia. Hoja yake ilikuwa kwamba nishati ya nyuklia itakapoanza kutumika, India isilazimike kutafuta wataalamu ng'ambo bali iwapate kwake.

Taasisi hiyo ilianza mnamo 1945. Kabla ya mwaka kwisha ilihamia Bombay, katika jumba lile lile alimozaliwa Bhabha.

India ilijinyakulia uhuru mnamo 1947. Mwaka uliofuata, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru aliunda Tume ya Nishati ya Atomiki na kumteua Bhabha kuwa mwenyekiti wake. Mnamo 1954 kituo cha utafiti kilianzishwa Trombay, viungani mwa Bombay, na mnamo Agosti 4, 1956, kinu cha Apsara kikaanza kufanya kazi. Kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Asia nje ya Muungano wa Kisovieti. Wahandisi wa India ndio waliokijenga, huku Uingereza ikitoa fueli.

Je, kinu kina uhusiano gani na mgonjwa kitandani? Jibu limo katika isotopu, yaani aina za elementi ambazo baadhi yake hutoa miale. Chukua mfano wa iodini-131. Tezi ya shingo huvuta iodini kutoka kwenye damu. Mgonjwa akimeza kiasi kidogo cha iodini hiyo, daktari huweza kupima kwa chombo jinsi tezi inavyofanya kazi. Kiasi kikubwa zaidi huua seli zilizougua bila kisu wala mshono.

Lakini dawa hii haiwekwi ghalani. Kila baada ya siku nane hivi, nusu ya nguvu yake hutoweka. Isotopu nyingine, teknetiamu-99m, hupoteza nusu ya nguvu kwa saa sita tu. Nchi inayoagiza dawa za aina hii kutoka mbali hulipia mzigo unaopungua ukiwa njiani. Waliosema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakukosea.

Mnamo 1962, usimamizi wa Hospitali ya Tata Memorial ulihamishiwa Idara ya Nishati ya Atomiki, iliyoongozwa na Bhabha mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye, Kituo cha Tiba ya Miale kilianzishwa papo hapo Parel. Hivyo isotopu zilizotengenezwa Trombay ziliweza kumfikia mgonjwa katika jiji lilo hilo, na madaktari wa India wakapata mahali pa kujifunzia tiba hiyo nyumbani.

Si wote waliomuunga mkono. Walikuwapo waliohoji vipi nchi yenye njaa itumie fedha nyingi kujenga vinu. Aidha, teknolojia hiyo ilikuwa kisu chenye makali kuwili. Kinu cha pili, CIRUS, kilichojengwa kwa msaada wa Canada na kuwashwa mnamo 1960, kilitoa isotopu za matumizi ya amani. Hata hivyo, plutoni yake ndiyo iliyotumiwa katika jaribio la kwanza la nyuklia la India, Mei 18, 1974. Bhabha mwenyewe, baada ya China kulipua bomu lake mnamo Oktoba 1964, alitetea hadharani hoja kwamba silaha hizo hazikuwa ghali mno. Anayesimulia mema yake hana budi kulitaja hilo pia.

Bhabha, aliyependa pia uchoraji na muziki, hakuwahi kuoa. Mnamo Januari 24, 1966, akielekea Vienna kwa mkutano wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, ndege ya Air India aliyoabiri iligonga Mlima Mont Blanc. Watu wote 117 waliokuwamo walifariki. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mwaka uliofuata, kituo cha Trombay kilipewa jina lake.

Wataalamu wa kituo hicho baadaye waliunda mashine ya kutibu saratani kwa miale ya kobalti-60, wakaiita Bhabhatron kwa heshima yake. Waziri Mkuu Narendra Modi alipozuru Nairobi mnamo Julai 2016, alitangaza kwamba India ingeipa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mashine hiyo.

Tata Memorial ingali Parel, na wagonjwa wengi wasiojiweza hutibiwa humo bila malipo au kwa ada ndogo. Meherbai Tata, pamoja na mali zote za mumewe, hakuwa na hospitali kama hiyo ya kuendea nchini mwake.