Frédéric Bremer: Mbelgiji aliyesaka chanzo cha usingizi katika ubongo wa paka

MNAMO 1935 mwanafiziolojia Frédéric Bremer alibaini jambo la ajabu: paka aliyekatwa shina la ubongo mahali fulani alilala asiamke tena, ilhali aliyekatwa chini kidogo ya hapo aliendelea kulala na kuamka. Masafa hayo mafupi baina ya mikato miwili ndiyo yaliyompa jina.

Bremer alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka wa 1892, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu Huru cha jiji hilo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alijinoa Paris, Harvard na Oxford, alikofanya kazi na Charles Sherrington, kisha akarejea kwao kufundisha.

Mwaka wa 1929 Mjerumani Hans Berger alikuwa ametangaza kwamba umeme wa ubongo wa binadamu waweza kunaswa na kuchorwa. Bremer aliitumia mbinu hiyo kutafuta usingizi unakoanzia.

Alipokata kwenye ubongo wa kati, michoro ilionyesha mawimbi makubwa ya polepole na mboni za paka zikawa nyembamba mithili ya uzi, sawa na za paka aliyelala. Katika mkato wa pili, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, mwili ulipooza na ikabidi mashine impumulie mnyama. Kichwa, hata hivyo, kilikuwa hai: macho yalifuata vitu vilivyopita, na mawimbi yakawa madogo ya haraka, yakibadilika kila usingizi ulipokuja. Msomaji mpenda paka atasononeka, na ana haki. Alichopasuliwa mnyama huyo si haba.

Bremer alikata kauli kuwa ubongo hulala unapokosa habari kutoka kwa neva za hisia, hasa za uso na masikio, zinazoingia baina ya mikato hiyo.

Hapo aliteleza. Mwaka wa 1949 Mtaliano Giuseppe Moruzzi, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Bremer mwenyewe, alishirikiana na Mmarekani Horace Magoun kuonyesha kwamba umeme kidogo ukipitishwa katika mtandao wa seli ulio katikati ya shina la ubongo, mawimbi ya usingizi hugeuka kuwa ya kuamka. Mkato wa kwanza wa Bremer ulikuwa umeutenga ubongo na kiamsho chake, wala si na neva za hisia pekee.

Mtaalamu mwingine angenuna. Bremer alirudi maabarani, na mwaka wa 1973, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alichapisha utafiti kuhusu eneo la mbele ya haipothalamasi linaloleta usingizi kwa kuuzuia mtandao uo huo wa Moruzzi. Usingizi, basi, una mtambo wake.

Alifariki 1982.