Cunningham, jenerali aliyesoma moyo wa adui Elwak

JENERALI Alan Cunningham wa Uingereza (1887-1983) alipokabidhiwa majeshi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 1940, alikusudia kungoja masika yapite ndipo avamie Somalia, iliyokuwa chini ya Italia.

Desemba 16 mwaka huo, wanajeshi wa Afrika Kusini na Gold Coast (sasa Ghana) walishambulia kambi ya Waitaliano Elwak, mpakani. Adui alitimua mbio. Ushindi huo mdogo ulimfunulia Cunningham jambo ambalo hesabu ya bunduki isingemwonyesha: moyo wa adui ulikuwa umevunjika.

Hakungoja tena. Majeshi yake yalivuka mpaka kutoka upande wa Garissa, yakatwaa Kismayu Februari 14, 1941, Mogadishu Februari 25 na Addis Ababa Aprili 6.

Novemba mwaka huohuo, nchini Libya, alikabiliana na Mjerumani Erwin Rommel. Vifaru vyake vingi vilipoteketea, alitaka kusitisha mashambulizi. Mkuu wake, Claude Auchinleck, aliamini kuwa Rommel naye alikuwa taabani, akamwondoa Cunningham Novemba 26.

Aliyeutambua udhaifu wa adui Elwak, Libya aliziona hasara zake tu.