Julius Kambarage Nyerere na Kufifia kwa Vyama Vingi Tanzania Bara

Mtahiniwa, ukiulizwa vyama vingi vilikufa lini Tanzania Bara, jibu la haraka ni 1965. Kisheria jibu hilo ni sahihi, lakini katika swali la insha halitakupa alama nyingi. Mfumo huo ulififia kwa hatua, kuanzia mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwaka 1958, na sheria ilikuja mwishoni. Maisha ya Mwalimu Nyerere yanatusaidia kuzifuata hatua hizo moja baada ya nyingine.

Kuzaliwa na elimu

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akiwa mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na mama yake Mgaya. Alianza shule ya msingi Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Wavulana Tabora, katika uwanda wa juu wa kati, shule iliyokuwa imeanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Baada ya kusomea ualimu Makerere, Uganda, alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU, na Nyerere akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya ualimu Pugu ili ajitoe kikamilifu kwa siasa.

Tabora, 1958: vyama vitatu na kura tatu

Mwaka 1956 kilianzishwa chama cha United Tanganyika Party (UTP), kwa baraka za Gavana Edward Twining. Lengo lake lilikuwa kushindana na TANU na kutetea serikali ya mseto wa rangi. Serikali ya kikoloni iliandaa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi wa TANU waliuona mpango huo kuwa dhuluma, kwa kuwa Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki au isusie. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, kwa hoja kwamba kususia kungeiachia UTP viti vyote. Uamuzi huo unaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao. Alijitoa TANU na kuanzisha African National Congress (ANC), kilichodai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Hivyo mwaka 1958 Tanganyika ilikuwa na vyama vitatu. Lakini katika uchaguzi wa 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda viti vyote vilivyogombewa. UTP ikafa muda mfupi baadaye.

Uchaguzi wa 1960: ushindi bila kura

Agosti 1960 ulifanyika uchaguzi wa viti 71. Katika majimbo 58 mgombea wa TANU alipita bila kupingwa, kwa hiyo wananchi wa majimbo hayo hawakupiga kura kabisa. Majimbo 13 tu ndiyo yaliyokuwa na ushindani. TANU ilipata viti 70. Kiti cha 71 kilichukuliwa na Herman Sarwatt wa Mbulu, aliyesimama kama mgombea binafsi ingawa naye alikuwa mwanachama wa TANU.

Kumbuka takwimu hizi, kwa maana ndizo kiini cha mada. Bunge liliundwa kwa mfano wa Uingereza, ambako upande mmoja hutawala na mwingine hukosoa. Tanganyika ilipata jengo la Bunge hilo, lakini upande wa upinzani haukuwa na mtu.

Uhuru na Jamhuri

Nyerere alikuwa Waziri Mkuu siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 alijiuzulu ili akaimarishe chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, iliyoruhusu mtu kufungiwa bila kufikishwa mahakamani.

Novemba 1962 ulifanyika uchaguzi wa Rais. Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1, na Mtemvu wa ANC akapata kura 21,000 na ushei, yaani chini ya asilimia 2. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri. Madaraka makubwa yakahama kutoka kwa Waziri Mkuu anayewajibika bungeni kwenda kwa Rais mtendaji.

Hoja za Nyerere

Nyerere alieleza msimamo wake waziwazi. Alisema vyama vya Ulaya vilitokana na mgawanyiko wa matabaka, mgawanyiko ambao haukuwepo Tanganyika kwa kiwango hicho. Aliikumbusha Afrika desturi ya wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Aliogopa pia vyama vya kikabila na vya kidini kuvunja taifa changa.

Hoja yake yenye nguvu zaidi ilihusu majimbo yale 58. Mgombea wa TANU akipita bila kupingwa, mwananchi hana la kuchagua. Ndani ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU wangeweza kushindana, na mwananchi angerudishiwa kura yake.

Kutoka uamuzi hadi sheria, 1963–1965

Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja kisheria. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar na, siku chache baadaye, maasi ya askari Tanganyika. Baada ya maasi, baadhi ya viongozi wa wafanyakazi waliwekwa kizuizini na vyama vyao vikaunganishwa kuwa NUTA, chini ya TANU.

Mwezi huohuo Rais aliunda Tume iliyoongozwa na Kawawa. Tume haikuulizwa kama chama kimoja kinafaa, bali kiwe cha namna gani, kwa sababu uamuzi ulikwisha kufanywa. Katiba ya Muda ya Julai 1965 ilitambua TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar.

Matokeo

*Faida.* Septemba 1965 wagombea wawili walishindana katika majimbo mengi, kwa alama za jembe na nyumba. Mawaziri wawili walishindwa, akiwemo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Watu waliweza kumwondoa mbunge asiyewafaa, na umoja wa taifa uliimarika.

*Hasara.* Wananchi hawakuweza kuiondoa serikali wala kubadili sera. Mbunge alilazimika kuwa mwanachama wa TANU, hivyo chama kilipomfukuza, kiti nacho kilipotea. Hayo yaliwapata wabunge kadhaa mwaka 1968. Mmoja wao alikuwa Joseph Kasella Bantu wa Nzega, mkoani Tabora, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954.

Uwanda wa kati unatoa mifano miwili zaidi. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, iliyowahamishia wakazi wa Ugogo katika vijiji vya ujamaa. Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifanya kazi pamoja na wanakijiji. Hata hivyo, familia iliyochukia kuacha mashamba na mazizi yake haikuwa na chama kingine cha kuisemea. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Jambo zito kama hilo liliamuliwa kwanza na chama, na mwaka 1975 Katiba ikatamka kwamba chama ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kubadili msimamo

Nyerere alistaafu urais mwaka 1985, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Mwaka huo wa 1990 aliwataka wanachama wajadili vyama vingi bila woga, akiona chama kisicho na mpinzani huzembea. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliundwa mwaka 1991. Takribani watu wanane kati ya kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na Nyerere aliunga mkono. Sheria ilianza kutumika Julai 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza ukafanyika Oktoba 1995.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Dokezo kwa mtahiniwa

Usiandike insha ya kumsifu tu au kumlaumu tu. Tenganisha mambo mawili: upinzani uliodhoofika kwa kukosa kura, na upinzani uliozuiwa kwa sheria. Anayeonyesha yote mawili kwa tarehe na mifano amejibu swali.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini TANU ilishiriki uchaguzi wa kura tatu.
2. Majimbo 58 yaliyopita bila kupingwa mwaka 1960 yanatufundisha nini kuhusu demokrasia?
3. Jadili faida tatu na hasara tatu za mfumo wa chama kimoja Tanzania, 1965–1992.
4. Kwa nini Tume ya Nyalali ilipendekeza vyama vingi ingawa wengi waliotoa maoni hawakuvitaka? Toa maoni yako.