Profesa Abdus Salam: Elimu, Imani na Nguvu ya Taifa

Marehemu Profesa Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, Punjab. Baada ya masomo ya Cambridge alirejea Lahore mwaka 1951 kufundisha, lakini hakupata mwenzi wa kujadiliana naye fizikia. Mwaka 1954 ikambidi kuchagua baina ya nchi yake na elimu yake, akarudi Uingereza. Uchungu huo haukumtoka. Ndipo mwaka 1964 akaanzisha Kituo cha Kimataifa cha Fizikia mjini Trieste, Italia, ili wataalamu wa nchi maskini wachote elimu na kurejea makwao.

Mwaka 1979 alitunukiwa Nobel, pamoja na Glashow na Weinberg, kwa kubainisha umoja wa nguvu ya umeme na sumaku na ile nguvu dhaifu iliyomo ndani ya atomu. Kwake utafiti ulikuwa utii, kwani Kurani Tukufu yatuamuru kuyatafakari maumbile. Tena alishikilia kwamba taifa lisilozalisha elimu yake hubaki tegemezi.

Bunge la Pakistani lilipowatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu mwaka 1974, alijiuzulu ushauri wa serikali, asiukane uraia wake. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah.

Ndugu wasomaji, maji ya Uluguru huteremkia Mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam. Kijana wa Morogoro achunguzaye kwa nini chemchemi hukauka msitu ukifyekwa, huyo anamtii Muumba wake na kulijenga taifa. Tumsomeshe hapa hapa, asilazimike kuchagua.