Mirathi ya David Livingstone: Hiba, Ahadi na Amana katika Njia ya Katavi

1.0 Utangulizi

Daktari David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, anajulikana zaidi kwa safari zake kuliko kwa mali aliyoiacha. Hata hivyo, namna alivyoviacha vitu vyake, na watu vilikowafikia, inaeleza mengi juu ya maisha yake ambayo sifa za mvumbuzi huyaficha. Nchi ambayo tangu mwaka 2012 huitwa Mkoa wa Katavi, na ambayo makao yake makuu ni Mpanda, aliipitia mara mbili akiwa hai, zote katika mwaka 1872. Mara ya tatu, mwaka 1873, alipitishwa akiwa maiti.

Kiswahili hutofautisha hiba, wasia na amana. Hiba hutolewa na mtu akiwa hai; wasia ni agizo litekelezwalo baada ya kufa kwake; amana huwekwa mikononi mwa mtu ili imfikie mwenyewe. Tofauti hizo zinaweza kutumiwa kupima yale Livingstone aliyowaachia rafiki, jamaa na watumishi wake.

2.0 Hiba na Hati Iliyotiwa Lakiri

Kwa fedha, Livingstone hakuwa na mengi ya kurithisha. Kitabu chake cha mwaka 1857 kilimpatia kipato kikubwa, lakini sehemu kubwa aliitumia kununulia meli ndogo ya mvuke, Lady Nyassa. Mwaka 1865 aliiuza Bombay kwa pauni 2,300, na benki ilimowekwa fedha hiyo baadaye ikafilisika. Mkewe, Mary Moffat, alikuwa amefariki Shupanga, kando ya Zambezi, Aprili 1862. Mwanawe mkubwa, Robert, alifia vitani Marekani mwaka 1864.

Januari 1872 alipita Ukawendi na Ukonongo pamoja na Henry Morton Stanley, wakitoka Ujiji kwenda Kwihara, karibu na Tabora. Viatu vyake vilikuwa vimechakaa, naye alivichanachana kwa kisu ili kuipunguzia maumivu miguu iliyojaa malengelenge. Walipofika Kwihara, Stanley alimpa vitambaa, shanga, dawa na zana za safari. Livingstone naye, Machi mwaka huo, alimkabidhi Stanley shajara yake iliyotiwa lakiri, aipeleke Uingereza kwa binti yake Agnes. Kwa familia yake, basi, urithi mkubwa ulikuwa maandishi, nao ulianza kusafiri mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

3.0 Ahadi kwa Halima

Miongoni mwa watumishi wake alikuwemo mpishi Halima, mke wa Amoda. Siku moja ya mwaka 1872, huko Kwihara, Halima aligombana na Ntaoeka, mke wa Chuma, akatoroka. Alirudi mwenyewe, lakini akangoja nje mpaka bwana wake alipotoka na kumkaribisha ndani. Livingstone alimpa nguo nzito ya kujikinga na baridi, kisha akaandika katika shajara yake kwamba Halima hakuwahi kumpa sababu ya kumkaripia, na kwamba atamwachia huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja watakapofika.

Nguo ilikuwa hiba, nayo ilikamilika papo hapo. Nyumba, shamba na uhuru vilikuwa ahadi. Katika pwani ya Waswahili, mabwana wengi waliwaacha huru watumwa wao kwa wasia, hivyo kwamba kifo cha bwana ndicho kilichofungua mlango. Ahadi ya Livingstone ilijengwa kinyume cha hapo: sharti lake lilikuwa kufika Unguja, na mtekelezaji wake alikuwa yeye mwenyewe. Haikumteua msimamizi wala haikutenga fedha. Mtu aliyeipinga biashara ya utumwa kwa nguvu kuliko karibu wote wa zama zake aliuweka uhuru wa mwanamke mmoja mwisho wa safari ambayo hakuimaliza. Agosti 25, 1872 msafara uliondoka Kwihara, ukaelekea kusini-magharibi hadi Ziwa Tanganyika, Halima akiwa ndani yake.

4.0 Amana

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, katika Zambia ya leo. Hapakuwa na wasii aliyeteuliwa. Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku mbele yao ili pasiwe na lawama baadaye, na Jacob Wainwright akaorodhesha kila kilichokuwamo. Kwa utaratibu wowote wa mirathi, huo ndio mwanzo ufaao: mashahidi, hesabu na maandishi.

Moyo ulizikwa chini ya mti, na mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua. Chitambo aliombwa auweke safi uwanja wa kaburi, akaachiwa bati kubwa la biskuti na magazeti, yawe ushahidi kwa wapitaji kwamba mzungu alifia hapo. Kisha wakaubeba mwili, wakapita Ufipa na kuivuka nchi ya Katavi kuelekea Tabora. Katika mizigo hiyo ilikuwemo pia shajara yenye ahadi ya Halima.

Oktoba 1873, huko Kwihara, Luteni Verney Lovett Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo. Walikataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake, lakini mwili na hati vilifika Bagamoyo Februari 1874. Watumishi walilipwa mishahara yao, wengi wakatawanyika. Wainwright peke yake, kwa gharama ya Church Missionary Society, alihudhuria maziko ya Westminster Abbey Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa fedha za James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Horace Waller kuihariri shajara ya mwisho, iliyochapishwa mwaka huo huo. Royal Geographical Society ilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara.

5.0 Hitimisho

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi huko huko mwaka 1891. Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892, katika nchi ile ile ya Wanyamwezi aliyokuwa ameipita na maiti ya bwana wake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mrithi wa Livingstone; wote walikuwa wadhamini wa amana isiyokuwa yao. Kwa uaminifu huo, Agnes na nduguze walipata maandishi ya baba yao, na Uingereza ikapata kaburi. Ahadi ya Halima nayo ilifika salama, ikapigwa chapa London na kusomwa na maelfu. Ilifika ikiwa maneno, kwa kuwa aliyeiandika hakumwachia mtu yeyote wajibu wa kuitimiza.